Stopwochi namba 7 na maji moto ya Mpemba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu, aliyeandika majuma mawili yaliyopita kwamba masomo ya falsafa yafutwe vyuoni na mikopo yake wapewe vijana wa sayansi. Kama nilimwelewa, hoja yake ni kwamba mwanasayansi anapima, mwanafalsafa anaongea, na anayepima hamhitaji anayeongea. Makala niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikimsomea mjukuu wangu wa kidato cha pili. Akasema, "Bibi, huyu hajawahi kufanya prakto." Mtoto ana mdomo. Nilimkemea, lakini neno lake halikunitoka.

Mimi prakto, yaani majaribio ya maabara, nimezifanya. Nilikuwa fundi sanifu maabara kwa miaka 31 katika sekondari ya wasichana ambayo jina lake naliacha. Walimu wa fizikia walikuja wakaenda, wakuu wa shule wakahamishwa, mimi nikabaki na funguo. Wanafunzi waliniita Mama Bika, kwa zile glasi za maabara. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kuhesabu, kupanga, na usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo kulifanya jaribio zima mwenyewe, nione kama vifaa vinakubali. Falsafa sikusoma hata kipindi kimoja. Sasa nimestaafu, nakaa Tanga, nauza barafu za ukwaju na ubuyu kutoka kwenye friza iliyopo barazani kwangu. Nayasema haya mapema ili mwandishi asidhani natetea mkopo wa mtu.

Tulikuwa na stopwochi 12 za kutia ufunguo. Kila moja niliiandika namba mgongoni kwa rangi ya kucha nyekundu, maana kalamu zilikuwa zinafutika kwa jasho la mikono. Jaribio lililokuwa likizitumia zaidi ni lile la pendulamu, na kila aliyepita sekondari atalikumbuka: unafunga kigololo kwenye uzi, unakiacha kibembee, unahesabu kwenda na kurudi mara 20, unapima muda, unabadilisha urefu wa uzi, unachora grafu, mwisho unapata kani ya mvutano wa dunia inaongezea mwendo kiasi gani. Jibu ni 9.8. Kila binti analijua jibu kabla hajafunga fundo la uzi. Basi wakawa wanapata 9.7, 9.9, wengi 9.8 kamili, na mwalimu anaondoka ameridhika.

Mwaka 1994, wakati wa maandalizi ya moko, ule mtihani wa majaribio, binti mmoja mkimya alipata 8.9. Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia, 8.9. Akarudia tena, 8.8. Wenzake wakamnong'oneza afanye wanavyofanya wote, yaani aanze na 9.8 arudi nyuma mpaka kwenye jedwali. Akakataa. Akaandikiwa kwa wino mwekundu "huko makini", akakusanya daftari lake akatoka.

Jioni nilipokuwa nakusanya vifaa niliona kwamba meza yake ilikuwa na stopwochi namba 7. Sijui nilisukumwa na nini. Niliiweka kando ya saa yangu ya mkononi nikazianzisha pamoja, nikaendelea kuosha bika. Baada ya dakika 10 nikaja kutazama. Stopwochi ilikuwa mbele kwa sekunde 30. Kila dakika ilikuwa inakimbia sekunde 3, sawa na sehemu 5 katika 100. Na kwa kuwa katika hesabu ya pendulamu muda unazidishwa kwa wenyewe, kosa la sehemu 5 linakaribia kuwa sehemu 10, na 9.8 yako inashuka hadi 8.9. Mwandishi achukue kikokotoo ajaribu. Yule binti alikuwa ameupima ugonjwa wa ile saa bila kujua.

Kilichoninyima usingizi ni kingine. Stopwochi ile ilikuwa na sisi kwa miaka sita. Mabinti wangapi waliishika? Wote walipata 9.8. Na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Niliukumbuka usiku mmoja wa mtihani, mwaka mmoja au miwili nyuma, nilipopata 8.9 na kujiambia kwamba nimechoka, bila shaka nimehesabu vibaya, zilikuwa 21 nikadhani 20. Nikagawanya kwa 21. Ikatoka 9.8 safi kabisa. Nikazima taa nikalala.

Sasa namuuliza mwandishi wa safu: hapo nilipima au niliongea?

Nakuja kwa Erasto Mpemba, yule mwanafunzi aliyesema maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji baridi, maana ndiye aliyenirudisha kwenye habari hii. Yaliyompata aliyaeleza mwenyewe katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza mwaka 1969, akishirikiana na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Siku hiyo mwenzake akaweka maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu aiskrimu yake ilikuwa imeganda, na ya mwenzake bado ni uji. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye akiwa hapa Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kwamba wao huweka maziwa ya moto makusudi, yanawahi kuganda. Nawaomba wasomaji wasipite hapo haraka. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wanalijua jambo ambalo darasani lilikuwa haliwezekani. (Na mimi ni muuza barafu wa Tanga, kwa hiyo nina haki ya kujivuna kidogo.)

Mpemba akaenda shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu hapo darasa zima likawa kila akikosea hesabu linasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Hata hivyo hakuacha. Siku aliyoikuta maabara ya baiolojia iko wazi na haina mtu, akachukua bika mbili, akajaribu kwa maji. Dk. Osborne alipotembelea shule, Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya maji ya nyuzi 35 ukiyaweka pamoja kwenye friji. Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama kweli amejaribu, kisha akasema hajui, lakini atalijaribu akirudi Dar es Salaam.

Alipofika huko alimpa fundi wake kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate matokeo sahihi.

Nimewaona wengi wakiisimulia sehemu hii huku wakicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu yule ni mwenzangu wa kazi. Yeye aliwaza nilivyowaza mimi usiku ule nilipogawanya kwa 21. Wala hakuwa mjinga. Kama kila kidole kinapoteleza tungekuwa tunachana vitabu, tusingekuwa na kitabu hata kimoja. Kurudia ni wajibu. Tatizo liko kwenye lile neno "sahihi". Aliyajuaje matokeo sahihi kabla hayajatoka?

Hebu tuyaweke mezani mambo haya mawili. Binti wa 8.9 alipata namba isiyokubaliana na kitabu. Kitabu kilikuwa sawa, saa ndiyo mbovu. Mpemba alipata matokeo yasiyokubaliana na kitabu. Friji haikuwa mbovu, mafundisho ndiyo yaliyokuwa na pengo. Siku ya kwanza, ukiwa umesimama na daftari mkononi, utazitofautishaje? Namba yenyewe haina mdomo wa kukuambia kosa liko upande gani. Mfaransa mmoja, Pierre Duhem, naye mwanafizikia, aliliandika hilo mwaka 1906: hupimi kamwe wazo moja peke yake, unapima wazo pamoja na saa yako, rula yako, na kila ulichokiamini bila kukichunguza. Jaribio likikataa, umeambiwa tu kwamba ndani ya kifurushi kuna kitu kimeoza. Hukuambiwa kipi. Nilipoyasoma maneno hayo nikiwa na miaka zaidi ya 60 niliwaza, kumbe tulikuwa wawili.

Lakini sehemu inayonifurahisha zaidi ni ile hoja ya mwalimu kwamba haiwezekani. Si hoja mbaya, hata mjukuu wangu aliitoa mwenyewe bila kufundishwa. Maji ya nyuzi 100, ili yafike sifuri, lazima yapite 35. Yakifika 35 yamekuwa sawasawa na yale yaliyoanza 35, na kuanzia hapo yana safari ileile. Mwenzake ameshatangulia. Atampataje?

Isome tena hoja hiyo polepole, utaona kuna sentensi moja imepita mlangoni bila kukaguliwa: "yamekuwa sawasawa". Nani alipima hilo? Kipimajoto kinasema 35 hapa na 35 pale, basi tukaamua kwamba yote yanayofaa kujulikana kuhusu maji yameandikwa kwenye kipimajoto, kwamba maji hayakumbuki yalikotoka. Ila maji yaliyochemka yamepoteza sehemu kwa mvuke, kwa hiyo yamepungua. Yametoa hewa iliyokuwa imeyeyukia ndani. Yanazunguka, ya juu moto na ya chini baridi, hata baada ya wastani wake kufika 35. Na chombo chake kimeyeyusha ule ukoko mweupe wa friza kikakaa kwenye chuma chenyewe, wakati kile cha maji baridi kimekalia ukoko kama godoro. Labda hayo yanatosha kuyafanya yawahi, labda hayatoshi. Hilo ndilo la kupima. Lakini ile imani kwamba namba mbili zikilingana vitu vimelingana haikutoka kwenye bika yoyote. Ni falsafa, ndugu mwandishi, iliyokuwa imevaa koti jeupe la maabara ikakaa kiti cha mbele, na kwa kuwa hakuna aliyeitambua hakuna aliyeiuliza swali.

Wazee wa kale nao walikuwa na lao. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba wavuvi wa upande wa Ponto, kwenye Bahari Nyeusi, wakipiga kambi juu ya barafu, humwagia matete yao maji ya vuguvugu ili yagande upesi yayashikilie. Wanafalsafa Bacon wa Uingereza mwaka 1620 na Descartes wa Ufaransa mwaka 1637 nao walitaja kwamba maji yaliyopata moto huganda kwa urahisi zaidi. Maelezo ya Aristotle juu ya sababu hayakusimama, ila jambo lenyewe hakulitupa. Sisi tulipopata maelezo mazuri zaidi ya kupoa, tukalitupa jambo, mpaka mvulana wa Magamba alipoliokota kwenye friji ya shule.

Nami nilijaribu. Mjukuu wangu akiwa likizo tulichukua vikombe viwili vya stili vinavyofanana, kila kimoja mililita 200, kimoja maji ya bomba yaliyokuwa nyuzi 29, kingine yaliyotoka kwenye birika yakiwa kama 85. Usiku wa kwanza tuligombana. Yeye kila baada ya dakika 10 anafungua friza na kupiga kelele, "Ya moto imeganda!" Nikitazama naona utando mwembamba juu, ukigusa kwa kijiko unapasuka. Nikamwambia hiyo si kuganda. Akaniuliza, "Sasa bibi, kuganda ni nini?" Nikasema ni pale unapokipindua kikombe hakitoki kitu. Akasema kwenye kitabu chake maji huganda nyuzi sifuri, kwa hiyo tutazame kipimajoto. Tukawa na mashindano matatu ndani ya friza moja, na mshindi anategemea unamuuliza nani.

Katika usiku sita, kwa kipimo chake cha utando maji ya moto yalishinda mara nne. Kwa kipimo changu cha kupindua yalishinda mara mbili. Kisha tukaweka kipande cha boksi chini ya vikombe vyote, ili kisiwepo cha kuyeyusha ukoko. Usiku minne iliyofuata maji ya moto hayakushinda hata mara moja kwa kipimo chochote. Tungeendelea, ila uniti za LUKU zilikuwa zinakwisha na wateja wanalalamika barafu ni laini kwa sababu friza haifungwi.

Nilidhani ni vurugu zetu za uswahilini, kumbe wakubwa nao wamo humohumo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi jambo la Mpemba. Yakamiminika majibu zaidi ya 20,000, na ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba jambo hilo lipo, na wakaonyesha kwamba ukikiweka kipimajoto juu au chini kidogo tu, kiasi cha sentimita moja, unaweza kujitengenezea ushindi wa maji moto usiokuwepo. Kazi safi, na inanikumbusha saa yangu. Lakini wao walipima muda wa kufika nyuzi sifuri. Mpemba alizungumza habari ya kuganda, na maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Wengine wakasema basi mmepima kitu kingine. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada wakalionyesha jambo la Mpemba bila wasiwasi, tena mara nyingi, ila humo hakuna maji yoyote yaliyoganda: walitumia punje ya kioo isiyoonekana kwa macho, wakiisukuma kwa mwanga. Je, hilo ni jambo lilelile alilolikuta mvulana kwenye friji, au tumelipa jina lake kwa heshima tu? Hakuna kipimajoto kitakachojibu swali hilo. Linajibiwa na watu wanaokaa wakaulizana, "Kuganda ni nini?", kama alivyoniuliza mtoto wa kidato cha pili akiwa ameshika kijiko.

Simtetei kila anayejiita mwanafalsafa. Nilishawahi kuketi kwenye mhadhara mmoja saa mbili nzima nikisikiliza habari za "uhalisi" na "ubinafsi wa kitu" mpaka chai ikapoa, na nilitoka nikiwa najua kidogo kuliko nilivyoingia. Mwandishi akisema watu wa aina hiyo wapunguzwe, sina kelele. Lakini tazama tulivyoficha hata jina. Vyuo vya Kiingereza humwita aliyesoma sayansi mpaka mwisho daktari wa falsafa. Sisi tukatafsiri uzamivu, mtu aliyezama. Neno zuri, nalipenda, ila falsafa imezama nalo, na sasa mwandishi anaweza kutaka wanasayansi wa uzamivu na kuwafukuza wanafalsafa katika aya moja bila kuona ajabu.

Ninachotaka mimi ni kidogo, na hakihitaji mkopo. Kwenye mitihani ya vitendo binti akileta 8.9 apewe nafasi ya kuandika mistari mitano: anadhani kosa liko wapi, angelijuaje, na ni kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Apewe maksi kwa hiyo mistari. Tukifanya hivyo, mwezi wa kwanza tutagundua stopwochi ngapi mbovu ziko nchini, na hilo peke yake litakuwa faida.

Yule binti nilimtafuta kesho yake asubuhi nikamwonyesha saa. Aliitazama muda mrefu, akaiweka sikioni, kisha akaniuliza kama mwalimu atabadilisha zile maksi. Nilimpelekea mwalimu. Akaniambia zimeshaingizwa kwenye kitabu.

Stopwochi namba 7 iliandikwa imeharibika wakati wa kuhesabu mali, nami nikaruhusiwa kuichukua. Iko hapa barazani juu ya friza, na bado inakimbia sekunde 3 kwa dakika. Mwandishi wa safu akipita Tanga anakaribishwa. Barafu ya ukwaju ni shilingi 200, na vikombe viwili vya stili vipo. Aje na kipimajoto chake, changu mjukuu amekivunja.

Mama Bika,
Fundi sanifu maabara mstaafu,
Tanga